Mji Ulioanzishwa na Mpenda Ndege

Mtu akionekana asubuhi amesimama kando ya mafunjo, ametulia, anawatazama ndege, hapa Bukoba watu humdhania kuwa mgeni, au mtu asiye na kazi. Wengi wetu tunaamini kwamba kutazama ndege ni starehe ya Wazungu, iliyokuja juzi juzi pamoja na mahoteli na magari ya watalii. Historia ya mji wetu inasema vingine. Mtu aliyeuanzisha mji huu kama boma la Wajerumani alipenda ndege pengine kuliko alivyopenda utawala.

Mtu huyo ni Emin Pasha. Jina lake la awali lilikuwa Eduard Schnitzer, naye alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, ambao leo huitwa Opole na umo nchini Poland. Alisomea udaktari, akawatumikia Waturuki, kisha serikali ya Misri, na mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan. Vita vya Mahdi vilimkatia njia, mpaka Stanley alipomfikia na kumtoa hadi Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 1889. Mwaka uliofuata aliingia katika kazi ya Wajerumani, akarudi bara na msafara, na mnamo Novemba 1890 akaweka kituo hapa, kwenye ardhi ya chini iliyo kati ya vilima na ziwa.

Macho yake yalikuwa mabovu, haoni mbali. Hata hivyo kila alikokwenda alikusanya ndege, akawachuna kwa mikono yake, akawakausha na kuandika mahali walipopatikana, kisha akawapeleka kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Shomoro mmoja mdogo wa rangi ya kahawia anabeba jina la Emin katika vitabu vya wataalamu hadi leo. Hapa Bukoba hakukaa sana. Mwaka 1891 aliondoka kuelekea magharibi, na Oktoba 1892 akauawa katika misitu ya Kongo.

Tukumbuke, ndugu msomaji, kwamba enzi hizo kumjua ndege kulianza kwa kumpiga risasi. Ngozi zilisafiri kwenda Ulaya, na ujuzi ukasafiri nazo. Lakini si kweli kwamba wenyeji hawakuwa na namna yao ya kuwajali viumbe. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, kiumbe ambacho watu wa ukoo huo hawakili. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya hifadhi, ingawa haikuandikwa kwenye karatasi wala kuwa na askari.

Kutoka Miembeni hadi ufukweni si safari ndefu. Mimi huenda polepole, bila darubini, maana ndege wa majini hawana haraka ya kujificha. Yangeyange husimama kama nguo nyeupe iliyoanikwa. Mnandi hutandaza mabawa yake yakauke. Furukombe hulia kutoka juu ya mti, na kwarara hupita wakipiga kelele kama watu wanaogombania nauli. Penye gugumaji, sile hutembea juu ya majani kwa vidole vyake virefu, utadhani anatembea juu ya maji. Gugu lenyewe lilienea katika ziwa hili tangu mwisho wa miaka ya 1980, na kwa wavuvi ni balaa. Kwa sile ni uwanja tu.

Mtu akizoea matembezi hayo, huanza kuona kwamba kinamasi si ardhi iliyokosa kazi. Mafunjo huchuja tope na uchafu kabla haujafika ziwani. Samaki wadogo hujificha humo. Mvua kubwa ikinyesha, kinamasi hunywa maji ambayo vinginevyo yangeingia majumbani. Mto Kanoni, unaopita katikati ya mji, hufurika mara kwa mara, na kila tunapojaza kifusi kwenye bonde lake tunayanyima maji mahali pa kupumzika.

Ziwa nalo lina kumbukumbu. Baada ya mvua za mwaka 1961, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya meta 2 katika miaka michache. Waliozaliwa baadaye walijenga na kulima karibu na maji, wakidhani yale yamekwisha. Mei 2020 ziwa likapanda tena hadi kulingana na kilele kile cha zamani. Maji hayakuvamia kwa watu, yalirudi kwao.

Kaskazini, ng'ambo ya Mto Kagera, uko msitu wa Minziro, ambao sehemu zake hujaa maji wakati wa mvua. Humo wamo ndege wa misitu ya Kongo wasioonekana kwingine Tanzania. Jeshi la Idi Amin liliikalia nchi hiyo ya ng'ambo mwaka 1978. Leo mpaka huo ni wa amani, lakini ardhi oevu iliyo upande wa Uganda, hadi Sango Bay, imeorodheshwa tangu mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar. Upande wetu haumo katika orodha hiyo, na korongo hawaujui mpaka.

Hata hivyo sheria tunayo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Lakini sheria huhitaji macho. Emin aliandika alichokiona, na maandishi yake yakaenda mbali. Sisi tunaokaa hapa tunaweza kuandika pia: daftari la shule, tarehe, mahali, ndege gani, wangapi. Atakayekuja na lori la kifusi akisema hapa hapana kitu, tuwe na cha kumwonyesha.