Nani Amemaliza Kusoma?

Ndugu msomaji, majuzi nilikuwa Visiga, kando ya barabara kuu ya Morogoro, kabla hujafika Mlandizi ukitokea Dar es Salaam. Nilikwenda kumsalimu mama yangu mdogo, mfugaji wa kuku, nikamkuta na mgeni. Mgeni mwenyewe ni kijana mwenye shahada ya kompyuta, aliyetengeneza programu ya simu ya kumkumbusha mfugaji siku za chanjo na kumpigia hesabu za chakula na faida. Kwa macho ilipendeza. Mama mdogo aliipokea simu, akabonyeza mara mbili tatu, kisha akauliza: "Mbona inasema Kiingereza, mwanangu? Na bando likiisha, kuku wangu wasichanjwe?"

Kijana akanyamaza. Nilipomshauri akae na wafugaji walau majuma machache ajifunze kwao, alinijibu kwa heshima zote: "Mzee, mimi kusoma nimeshamaliza. Sasa ni kutengeneza tu."

Neno hilo, nimeshamaliza, ndilo lililonifanya niandae mazungumzo ya juma hili. Kijana amelitamka hapo hapo Kibaha, mahali ambapo historia yake yote inalipinga.

Tuanze na mwaka 1963. Tanganyika ilikuwa bado changa katika uhuru wake wakati nchi za Nordiki, zikiwamo Denmark, Sweden, Norway na Finland, zilipoanza kujenga kituo kikubwa hapo Kibaha. Ndani yake kulikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na mahali pa kuwafundisha wakulima. Mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, nacho ndicho tunachokijua kwa jina la Shirika la Elimu Kibaha. Wengi tunaikumbuka sekondari kwa sababu imetoa wakubwa. Lakini ile sehemu ya wakulima ndiyo iliyobeba wazo zito zaidi, kwamba mtu mzima mwenye jembe mkononi naye ni mwanafunzi.

Wazo hilo lina ukoo wake. Huko Denmark, katika karne ya 19, mchungaji na mshairi aliyeitwa Grundtvig alihubiri kwamba vijana wa mashambani wapate shule zao, shule za mazungumzo zisizo na mitihani. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Ni kwa mfano wa shule za namna hiyo, zilizokuwa zimeenea Nordiki yote, kwamba kuanzia mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kibaha nayo inacho chake.

Sasa msomaji ataniuliza: shule za wakulima zinahusiana nini na watengenezaji wa programu za simu? Zinahusiana sana, na ushahidi wake uko katika shule moja ya aina hiyo, iliyokuwa kijiji cha Askov, huko huko Denmark.

Mwaka 1878 alifika hapo mwalimu aitwaye Poul la Cour, mtaalamu wa hali ya hewa ambaye pia alikuwa amebuni vyombo vya simu za maandishi. Angeweza kubaki mjini na sifa zake. Yeye akaenda kuwafundisha watoto wa wakulima. Aliona kwamba umeme unaingia mijini na vijiji vinaachwa gizani, akajiuliza: upepo huu unaosaga nafaka zetu siku zote, hauwezi kutuwashia taa? Mwaka 1891 alisimamisha hapo shuleni mtambo wa upepo wa kuzalisha umeme. Likazuka swali la pili: upepo ukitulia je? Akautumia umeme kuyatenganisha maji, akapata gesi ya haidrojeni, akaihifadhi, na gesi hiyo ikawa ndiyo taa ya shule. Aidha, kwa majaribio yake aligundua kwamba mtambo wenye mapanga machache yanayozunguka kwa kasi hufanya kazi vizuri zaidi kuliko wenye mapanga mengi.

Mwalimu huyo hakuficha ujuzi wake. Alifungua mafunzo ya mafundi umeme wa vijijini. Mwaka 1904 alikuwamo darasani kijana asiyefikisha miaka 20, jina lake Johannes Juul. Kijana akahitimu, akafanya kazi za umeme maisha yake yote. Mtu kama huyo tungetegemea akifika uzeeni apumzike na wajukuu. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia Juul alirudi kwenye swali la mwalimu wake, akaanza kupima upepo upya. Mwaka 1957, akikaribia miaka 70, alikamilisha huko Gedser mtambo wa mapanga matatu wenye nguvu ya kilowati 200. Alikuwa amejiuliza pia, dhoruba ikija je? Akaweka breki kwenye ncha za mapanga, zinazojifungua zenyewe mtambo ukienda kasi kupita kiasi. Mtambo ule ulifanya kazi takriban miaka 10. Katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda, Wamarekani waliomba ufufuliwe ili waupime na kujifunza. Mitambo mingi ya upepo unayoiona leo ni wajukuu zake.

Baina ya darasa la 1904 na mtambo wa 1957 ni miaka 53. Juul angesema amemaliza kusoma, tungemsikia wapi?

Turudi nyumbani. Sisi nasi tulikuwa na darasa kubwa, na mimi kama mtu wa redio najivunia kulitaja. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Sauti ya redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Kilichochimba ni lile swali lililofuata baada ya kipindi: hapa kwetu tutafanyaje?

Lakini historia hiyo hiyo ina onyo. Mwaka 1967 karibu watu wazima 7 kati ya 10 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 ilitangazwa kuwa amebaki takriban 1 kati ya 10. Tukashangilia, tukalegea. Sensa ya mwaka 2002 ikatukuta na takriban 3 kati ya 10. Elimu isipopaliliwa huota magugu kama shamba.

Hata katika mitambo, Kibaha imetufundisha. Kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania kutokana na vipande vilivyotoka Sweden. Ilikuwa kazi ya maana na iliajiri watu, lakini maswali magumu yalikuwa yamekwisha kujibiwa na wenzetu huko kabla ya masanduku kufunguliwa. Uunganishaji ule baadaye ulisimama. Wilaya hiyo hiyo ndiyo yenye Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa rasmi mwaka 1985 chini ya wizara ya ulinzi, ambako wahandisi wetu walibuni lori lao. Nyumbu hakujaza barabara zetu, hilo twajua. Hata hivyo, anayejaribu kubuni lori hukutana na maswali ambayo anayefunga nati za mwenzake hakutani nayo, na maswali hayo ndiyo shule.

Nami sijitoi. Nilipopata stashahada yangu ya uandishi wa habari, nilijiona nimefika. Tulikuwa tukikata mikanda ya sauti kwa wembe na kuiunganisha kwa utepe wa gundi, na mimi nilikuwa hodari. Kompyuta zilipoingia studio, wembe wangu ukawa hauna kazi. Nilifundishwa upya na binti niliyemzidi miaka mingi. Niliona aibu juma zima, kisha nikaona afadhali.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotengeneza programu na mitambo, shahada ni mlango tu. Ubunifu hautoki kwenye kiti cha ofisi. Hutoka kwa mtu anayeuliza kama mama mdogo alivyouliza: bando likiisha je?

Siku ile, kijana alipoaga, mama mdogo alimwambia: "Njoo kesho alfajiri, mwanangu, saa ya kulisha. Uje na daftari." Nimepata habari kwamba alikwenda, na akarudi tena kesho yake. Programu yake bado haijakamilika. Hiyo ndiyo habari njema niliyokuwa nayo juma hili.