Kuitafuta Cheche Iliyopotea

Wasikilizaji wetu, gari likizimika njiani karibu na Utemini, mjini Singida, mwenyewe huingia katika mashaka mawili: kukosa safari, na kupoteza fedha kwa kununua kifaa kipya ilhali cha zamani hakikuwa na kosa. Tena huenda garini yumo mgonjwa. Basi twataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kukitafuta kifaa kibovu kwa akili, si kwa kubahatisha.

Injini ya petroli haiendi bila cheche ya umeme. Mwaka 1897 karakana ya Robert Bosch, Ujerumani, ilitia mashine ya cheche, iitwayo magneto, katika injini ya chombo cha magurudumu matatu. Mwaka 1902 fundi wake, Gottlob Honold, alileta magneto ya umeme mkali pamoja na plagi.

Mwaka 1908 ilitoka Ford Model T ya Marekani, yenye silinda nne na koili nne, kila silinda na yake. Injini ikikohoa, dereva alizuia kwa kidole ulimi wa koili, moja baada ya moja. Mwendo wa injini ukipungua, alijua silinda ile ilikuwa ikifanya kazi; usipobadilika, hiyo ndiyo iliyokufa. Kisha alibadilisha mahali pa koili mbili. Kosa likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, alitazama waya na plagi.

Baadaye ulienea utaratibu wa Charles Kettering, uliotiwa katika magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910. Hapo koili moja ilihudumia silinda zote, na distributa ikaigawia kila silinda fungu lake kwa zamu. Jina la Utemini latukumbusha utawala wa mtemi: mambo ya mtemi yakiharibika, nchi nzima hutaabika; paa la nyumba moja likivuja, huulizwa mwenye nyumba. Ndivyo ilivyo hapa. Silinda zote zikikosa cheche, tutazame vilivyo vya wote: betri, koili, platini na kondensa. Ikikosa moja tu, tutazame waya wake, plagi yake, na mahali pake katika kifuniko cha distributa. Wala tusishike kwa mkono waya wa plagi injini ikienda, maana umeme wake ni mkali.

Tangu miaka ya 1970 platini zilianza kuondolewa, zikafuatwa na vifaa vya elektroniki. Leo magari mengi yana tena koili moja kwa kila silinda, kama ile Ford ya kale, na fundi hodari bado hubadilisha mahali pa koili mbili ili aone kama kosa litahama.

Basi, ndugu, tusinunue kifaa kabla ya kukipima. Tuulize kwanza: je, kosa ni la wote, au la mmoja?