Mkwaju Unaokataliwa

Namba za mashamba huku kwetu zina mikwaju. Kipande cha Ruiru kinaweza kuandikwa Ruiru/Ruiru East Block 2/ halafu namba yake. Hiyo alama si pambo. Sheria ya usajili wa ardhi ya 1963 ilipanga ardhi kwa eneo, bloku na kipande, na ile ya 2012 ikaendelea vivyo hivyo. Ukienda kwa msajili, benki ama mahakamani, hiyo namba ndiyo shamba lako.

Sasa jaribu kuipa faili namba hiyo kwenye Windows. Skani hati, nenda ubadilishe jina, piga mkwaju. Kompyuta inakataa na kukuonyesha alama tisa zisizoruhusiwa kwenye jina, na / ni mojawapo. Ukijaribu wakati wa kuhifadhi, inakwambia hiyo njia haipo. Njia gani tena? Si wewe ulikuwa unaandika namba ya shamba!

Wengi hudhani ni mashine ya saiba imeharibika. Haijaharibika. Inatii uamuzi uliotangulia kuzaliwa kwa wengi wetu tunaoitumia.

Miaka ya 1960, watu wa MIT na Bell Labs walikuwa wakijenga mfumo ulioitwa Multics. Walihitaji alama ya kuonyesha faili iko ndani ya folda gani, wakachagua >. Bell Labs ilijitoa mwaka wa 1969, na wahandisi wake, akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakaunda Unix. Humo wakatumia /. Yaani haikuwa lazima iwe mkwaju. Watu walikaa chini, wakachagua.

Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuja na DOS ya Microsoft. DOS ya kwanza haikuwa na folda kabisa, faili zote za diski zilikaa rundo moja. Mkwaju ulikuwa na kazi nyingine, kuongezea amri maagizo, kwa mfano DIR /W ya kupanga orodha ya faili kwa upana. Machi 1983 ikaja DOS 2.0, pamoja na IBM XT iliyokuwa na diski ngumu ya megabaiti 10. Faili zikawa nyingi, folda zikahitajika. Microsoft ikaiga mpangilio wa Unix, lakini / ilikuwa tayari imeajiriwa. Wakachukua mkwaju ulioinamia upande wa pili, \. Hata hivyo, ndani ya mfumo / nayo ilikubalika kutenganisha folda, basi zote mbili zikafungiwa nje ya majina.

Windows 95 ilipoingia Agosti 1995, jina la faili lilitoka herufi nane na tatu za mkiani hadi herufi 255. Jina likarefuka, mkwaju ukabaki nje. Kuhamia Linux hakusaidii, maana nayo ilirithi / ya Unix. Mac inakuruhusu kuandika / kwenye jina, lakini inakataa nukta mbili. Kila nyumba na mwiko wake.

Unaweza kusema haya ni mambo madogo. Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi kwenye saiba moja Ruiru, na siku moja shosho fulani alisimama nyuma yangu akiangalia skrini.

"Kijana wangu, hiyo ndiyo ya shamba langu?"

"Ndiyo, shosho."

"Mbona haina namba yangu?"

Printa ilikuwa imeiita Scan0007. Alikuwa na haki ya kuuliza. Hati ya maisha yake ilikuwa katikati ya Scan0006 na Scan0008, za watu wengine.

Hatari kubwa iko kwa wale wanaotoa mkwaju ndio kompyuta ikubali. Chukua bloku 2, kipande 113. Weka kando yake bloku 21, kipande 13. Kwenye karatasi ni 2/113 na 21/13, na hakuna anayeweza kuzichanganya. Toa mikwaju, zote mbili zinakuwa 2113. Mashamba mawili, wenyewe wawili, jina moja. Hapo ndipo wakili anatumiwa hati isiyo yake, ama watoto wanafungua fleshi ya marehemu baba yao na hawajui ni kipande kipi.

Serikali ilizindua Ardhisasa Aprili 2021, ikianza na Nairobi. Mfumo kama huo unaweza kubeba mkwaju bila shida, kwa sababu kwenye hifadhidata namba ya shamba ni taarifa tu, haigeuzwi kuwa jina la faili. Shida inabaki upande wetu, kwenye fleshi, simu na kompyuta za saiba, ambako familia nyingi huweka nakala zao.

Kwa hivyo ukiskani, usimwachie printa jina. Mwambie kijana wa saiba aweke kistari pale palipokuwa na mkwaju, Block 2-113, asiufute tu. Halafu mwambie afungue hiyo faili mbele yako, msome namba pamoja kabla hujatoa fleshi.