Mchungaji Aliyesafisha Dohani: Maisha ya Richard Allen (1760–1831)

Jubilii ni wakati wa kuhesabu miaka na kuwakumbuka waliotutangulia. Sisi wanakwaya tumeonelea kitabu hiki kisijae habari zetu peke yetu. Tumemtafuta mtumishi wa zamani ambaye maisha yake yanafanana na ya wengi kati yetu: Jumapili yuko madhabahuni, Jumatatu alfajiri yuko kazini. Huyo ni Richard Allen wa Philadelphia, Marekani.

Allen alizaliwa mtumwa tarehe 14 Februari 1760. Akiwa bado mtoto, yeye na jamaa yake waliuzwa kwa mkulima wa Delaware aliyeitwa Stokely Sturgis. Baadaye mkulima huyo alibanwa na madeni, akamuuza mama yake Allen pamoja na baadhi ya watoto. Kijana Allen aliokoka akiwa katika utumwa huo, akajiunga na Wamethodisti. Majirani walidai kwamba dini ingewaharibu watumwa wa Sturgis. Allen na ndugu yake wakakubaliana kufanya kazi kwa bidii zaidi, hata usiku ikibidi, ili mtu asipate la kusema juu ya imani yao. Mwishowe Sturgis mwenyewe alisikia mahubiri, akasadiki kwamba kumiliki watumwa ni kosa, akawaruhusu wanunue uhuru wao.

Bei ilikuwa dola 2,000 za wakati ule wa vita. Allen alipasua kuni hadi viganja vikajaa malengelenge, asiweze kukunja wala kukunjua vidole. Alifanya kazi mahali pa kufyatua matofali. Aliendesha gari la farasi la kubeba chumvi, na kila kituo alichopumzika alihubiri. Kufikia mwaka 1783 alikuwa amemaliza deni na yuko huru.

Mwaka 1786 aliitwa Philadelphia kuwahubiria watu weusi katika kanisa la Wamethodisti la St. George's. Ibada yake ilipangwa saa kumi na moja alfajiri. Ili kujikimu alikuwa fundi wa viatu, kisha akaanzisha biashara ya kusafisha dohani, yaani mabomba ya kutolea moshi katika nyumba za mji ule wa baridi. Ni kazi ya masizi na kikohozi, lakini ilimlisha yeye na jamaa yake. Kwa miaka mingi hakutegemea mshahara wa kanisa.

Uhuru huo wa mfuko ulionekana umuhimu wake siku ambayo waumini weusi, wakiwa wamepiga magoti katika maombi, waliinuliwa kwa nguvu na kuambiwa wahame mahali walipokuwa. Allen, rafiki yake Absalom Jones na wenzao walisubiri maombi yaishe, wakatoka wote kwa pamoja. Allen alikuwa amenunua kiwanja. Alinunua pia jengo kuukuu la mhunzi, likakokotwa na farasi hadi kiwanjani, likakarabatiwa kuwa nyumba ya Mungu. Kanisa hilo, Bethel, liliwekwa wakfu mwaka 1794.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, homa ya manjano iliua maelfu ya watu mjini humo. Allen na Jones waliwaongoza watu weusi kuwauguza wagonjwa na kuzika maiti, na Allen mwenyewe akaugua. Baadaye mchapishaji mmoja aliandika kwamba baadhi ya watu weusi walitumia msiba huo kujitajirisha. Wachungaji hawa wawili hawakujibu kwa matusi. Walichapisha kijitabu chenye hesabu: fedha zilizopokelewa, fedha zilizolipwa, na upungufu wa zaidi ya pauni 170 uliowaangukia wao. Sisi tunaoshika daftari za kwaya tunaona hapo ushuhuda mkubwa. Aliyeandika kila senti hana haja ya kupaza sauti.

Mwaka 1801 Allen alitoa kitabu cha nyimbo kwa ajili ya waumini wake. Toleo la kwanza lilikuwa na nyimbo 54, maneno tu bila sauti. Sauti ilibidi ishikwe kwa masikio, kama sisi tunavyojifunza wimbo mpya jioni ya mazoezi kabla karatasi za sol-fa hazijafika.

Majaribu hayakuisha. Wakuu wa Wamethodisti walidai jengo la Bethel ni mali yao, na lilipopigwa mnada, Allen alilinunua tena kwa zaidi ya dola 10,000. Mwaka 1816 mahakama ilithibitisha haki ya waumini wa Bethel, na mwaka huohuo makanisa ya weusi yaliungana kuwa African Methodist Episcopal Church, Allen akiwa askofu wa kwanza. Mkewe, Sarah, aliwakusanya akina mama wakashona mavazi ya wahubiri waliokuja mkutanoni na nguo zilizochakaa. Allen alifariki tarehe 26 Machi 1831, akiwa na miaka 71. Yeye na Sarah wamezikwa chini ya kanisa la Bethel, ambalo bado liko kwenye kiwanja kilekile.

Tunapoimba leo, kumbukeni kwamba watu wale waliweza kuimba bila kuinuliwa magotini kwa sababu paa lilikuwa lao, na paa lilikuwa lao kwa sababu mtu alipasua kuni na kufagia masizi. Kwaya yetu ina mafundi wa kulehemu, wauza mboga, waendesha boda boda, washonaji na walimu. Michango yao ndiyo imenunua majoho na kinanda. Tuwashukuru. Tuwaombee pia wachungaji wanaohubiri Jumapili na kufungua duka Jumatatu, wala tusiwaonee haya. Na kila shilingi itakayotolewa katika jubilii hii, tuiandike.