Kwa nini nembo hukataa kukua

Msimu wa mahafali ukifika, kwenye maduka ya steshenari ya Babati mjini huingia kazi ya aina moja: shule inataka bango, na nembo iliyopo ni ile iliyotumwa kwa WhatsApp. Fundi akiikuza, ukingo wa ngao unakuwa ngazi ngazi, na mteja anailaumu kompyuta. Kompyuta haina kosa. Nembo ya sentimita 2 kwenye karatasi ya barua, ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, inapata nukta 236 hivi kwa upana. Itandaze iwe mita 1, kila nukta inazidi milimita 4.

Picha za nukta zina asili yake. Mwaka 1957 Mmarekani Russell Kirsch aliingiza kwenye kompyuta picha ya mwanawe mchanga, nukta 176 kwa 176. Michoro ya vekta ilipata mikunjo yake kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault walitafuta namna ya kueleza mabodi ya magari kwa hesabu. Mkunjo wao unahifadhiwa kama pointi chache na kanuni. Ukiukuza, kanuni inakokotolewa upya, na mstari unabaki laini.

Mikunjo hiyo iliingia kwenye PostScript, lugha ya printa waliyoitoa John Warnock na Charles Geschke wa Adobe mwaka 1984. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974, kwa hiyo huku mitihani iliendelea kupigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili. Marufuku ilipolegezwa miaka ya 1990, tulikuta vita vya fomati za picha vimeshapamba moto. GIF ya 1987 iliingia matatani kampuni ya Unisys ilipodai malipo ya hataza, ndipo PNG ikazaliwa 1996. EPS, mtoto wa PostScript, ndiyo iliyobeba michoro ndani ya vitabu vilivyopangwa kwa TeX, programu ya kupanga kurasa, hadi pdfTeX ya Hàn Thế Thành ilipokuja na kutaka PDF badala yake. Kwa kuwa faili la EPS ni programu kamili, linaweza pia kubeba hila za wadukuzi; mwaka 2017 Microsoft ikalifungia mlango kwenye Office.

Kutoka vekta kwenda nukta ni kubofya mara moja. Kurudi ndiko kwenye kazi. Wengi hubandika JPEG ndani ya PDF wakidhani wamemaliza, kumbe nukta ni zile zile. Potrace, programu ya Peter Selinger ya 2001 inayotumika ndani ya programu ya kuchora ya Inkscape, hufuata ukingo wa weusi na weupe na kuurudisha kuwa mkunjo. Kwa mhuri safi inafaa sana. Kwa nembo iliyofifia, yenye mwenge, kitabu na kaulimbiu ya herufi ndogo, inatoa mabonge. Na shule kongwe za hapa, zilizoutangulia mkoa huu uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, mara nyingi nembo zao zilichorwa kwa mkono.

Basi fundi anafungua CorelDRAW na kuchora upya, pointi kwa pointi. Mwalimu anaona kazi ya bure, fundi anaona nusu siku. Wakishapatana bei, mwalimu aombe faili lenyewe, SVG au PDF ya vekta. Akiondoka na JPEG peke yake, bango la mwakani litamrudisha duka lile lile, kwa bei atakayopangiwa.