Simba na Shujaa: Timu za Raga za Kenya katika Mashindano ya Dunia

Kenya ina timu 2 za taifa za wanaume katika mchezo wa raga, na kila moja imepewa jina la Kiswahili. Timu ya wachezaji 15 huitwa Simba, na ile ya wachezaji 7 huitwa Shujaa. Zote mbili huwapata wachezaji wao katika shule zile zile na klabu zile zile. Walakini historia zao katika mashindano ya dunia hazifanani hata kidogo. Shujaa imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia mara 2, na imecheza katika Michezo ya Olimpiki ya 2016, ya Tokyo na ya 2024. Simba hawajapata kuingia katika Kombe la Dunia hata mara moja. Aghalabu husemwa kwamba sababu ni mbio, yaani kwamba Wakenya ni watu wepesi, na mchezo wa watu 7 huwafaa watu wepesi. Maelezo hayo yana sehemu ya ukweli, lakini mambo yaliyotukia yaonyesha sababu nyingine iliyo kubwa zaidi.

Raga ililetwa na Waingereza, na kwa muda mrefu wa ukoloni ulikuwa mchezo wa Wazungu. Ulichezwa katika klabu za masetla na maofisa, na katika shule za watoto wao, kama Prince of Wales na Duke of York za Nairobi. Katika mwaka wa 1955 timu ya Lions, iliyochaguliwa kutoka Uingereza na Ireland, ilipita Nairobi baada ya ziara yake ya Afrika ya Kusini, ikaishinda timu ya Afrika ya Mashariki kwa pointi 39 kwa 12. Katika mwaka wa 1962 ilipita tena, ikashinda 50 kwa 0, na hayo yalitukia wakati ambapo trai moja ilihesabiwa pointi 3 tu. Yapasa kuyaangalia vema matokeo hayo. Walioshindwa hawakuwa wageni wa raga. Wengi waliijua tangu ujana wao, na vilabu na viwanja walikuwa navyo. Walichokosa ni mazoea ya kupambana na timu kubwa, maana walikutana nazo kwa nadra tu, mgeni alipokuwa njiani kurudi kwao.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 shule zile za Wazungu zilifunguliwa kwa watoto wa rangi zote, zikabadilishwa majina kuwa Nairobi School na Lenana School. Vijana wa Kiafrika walijifunza raga huko, wakaichukua hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika mwaka wa 1977 timu ya wanafunzi wa chuo hicho, iitwayo Mean Machine, ilitwaa Kombe la Kenya. Hivyo mchezo ulipata wenyewe wapya. Mlango wa kwanza, uliofungwa kwa ubaguzi wa rangi, ulikuwa umefunguka. Ukabaki mlango wa pili, ambao ni wa kuingia katika mashindano ya dunia.

Kombe la Dunia la timu za watu 15 lilianza mwaka 1987. Kwa miaka mingi nchi za Afrika, ukiiondoa Afrika ya Kusini, ziligombea nafasi moja tu. Zimbabwe iliipata katika mwaka wa 1991 na Côte d'Ivoire katika mwaka wa 1995; kisha Namibia ikaishika kuanzia 1999 hadi 2023, mashindano 7 mfululizo. Simba waliikaribia sana nafasi hiyo katika mwaka wa 2014, huko Antananarivo. Waliishinda Namibia 29 kwa 22, wakaishinda na Madagascar, ikawa wamebakiza mchezo mmoja tu. Siku ya mwisho Zimbabwe iliwashinda 28 kwa 10. Kenya, Zimbabwe na Namibia zikawa kila moja imeshinda mara 2 na kushindwa mara 1, na hesabu ya pointi ikaipa Namibia safari.

Mara 2 baadaye Simba walipewa njia ya pembeni, yaani mashindano madogo ya kugombea nafasi ya mwisho iliyobaki. Huko Marseille katika mwaka wa 2018 walishindwa michezo yote 3, na huko Dubai katika mwaka wa 2022 ikawa vivyo hivyo. Ureno iliwafunga 85 kwa 0. Mtu aweza kusema kwamba Simba ni dhaifu. Lakini na aitazame Namibia yenyewe: katika mashindano yake 7 haikushinda hata mchezo mmoja. Timu inayokutana na wakubwa mara moja katika miaka 4 haipati nafasi ya kujifunza kutokana na makosa yake.

Mambo ya Shujaa yalikwenda kwa njia nyingine. Mchezo wa watu 7 huchezwa kwa vipindi 2 vya dakika 7, na skramu yake, yaani ule msukumano wa wachezaji walioshikana mabega, ina watu 3 kila upande badala ya 8. Tena tangu mwaka 1999 pamekuwa na mfululizo wa mashindano katika miji mbalimbali ya dunia, na Kenya ilialikwa humo, hata ikafanywa mshiriki wa kudumu. Kwa sababu hiyo Shujaa ilikutana na Fiji au New Zealand mara kadhaa katika msimu mmoja. Iliposhindwa Jumamosi, iliweza kujisahihisha baada ya wiki moja.

Matunda yake yalionekana. Timu iliyoingia katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza huko Mar del Plata, katika mwaka wa 2001, iliishinda Fiji 26 kwa 7 huko Dubai katika mwaka wa 2009, ikafika nusu fainali. Ikafika tena huko Moscow katika mwaka wa 2013. Tarehe 17 Aprili 2016, chini ya mwalimu Benjamin Ayimba na nahodha Andrew Amonde, iliishinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, ukawa ushindi wake wa kwanza katika mfululizo huo. Miezi michache baadaye Fiji hiyo hiyo ilichukua dhahabu ya Olimpiki. Katika mwaka wa 2023 Shujaa iliteremshwa daraja, lakini ilirudi baada ya mwaka mmoja, kwa kuwa mlango wa kurudia ulikuwapo.

Kwa hiyo mbio peke yake hazitoshi kueleza tofauti ya Simba na Shujaa, wala maumbile. Masetla wa mwaka 1962, Namibia, na Simba wa Dubai ni watu wa hali mbalimbali kabisa, na wote waliangushwa na uchache wa mapambano. Katika mwaka wa 2025 Zimbabwe iliishinda Namibia 30 kwa 28 mjini Kampala, ikarudi katika Kombe la Dunia baada ya zaidi ya miaka 30. Tokeo hilo lathibitisha kwamba nafasi ile si urithi wa mtu. Lakini kuingia ni jambo moja, na kudumu ndani ni jambo jingine. Na hilo la pili Shujaa iliweza kujifunza kwa sababu iliruhusiwa kushindwa mara nyingi.