Nyumba ya Wade: Barabara Ilileta Wageni, Reli Ikawachukua

Mwaka 1844, Sylvanus Wade na mkewe Betsey walihamia na watoto wao katika msitu wa Wisconsin, miaka minne kabla Wisconsin haijawa jimbo la Marekani. Wade alikuwa mhunzi, lakini jicho lake lilikuwa barabarani. Mahali alipochagua, Greenbush, palikuwa karibu katikati ya njia itokayo Sheboygan, bandari ya Ziwa Michigan, kwenda Fond du Lac. Msafiri aliyeondoka bandarini asubuhi angefika hapo na njaa, farasi wakiwa hoi.

Walianza na nyumba ya magogo. Mwaka 1850 wakajenga nyumba ya wageni ya mbao, ghorofa tatu, vyumba 27, kwa mtindo wa kuiga majengo ya Wagiriki wa kale. Palikuwa na baa, meza ya chakula na malazi. Wenyeji nao walipafanya baraza lao: siasa za wilaya zilijadiliwa hapo, na kila gari la abiria lililovutwa na farasi lilishusha habari mpya.

Wateja walihitaji njia, na njia ya zamani ilikuwa matope matupu kila mvua iliponyesha. Ndipo ikaja barabara ya mbao: magogo yalilazwa chini kwa urefu wa njia, mbao nene zikapangwa juu yake kwa kukingamisha, na wapitao wakatozwa ushuru. Magurudumu yalizunguka kwa urahisi, wageni wakaongezeka. Tatizo ni kwamba mbao zilizolala ardhini huoza, na kuzibadilisha kuligharimu pesa nyingi.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1860. Reli kutoka Sheboygan haikupita Greenbush. Ilipita kijiji jirani cha Glenbeulah. Umbali ni mdogo, lakini abiria wa treni hana sababu ya kushuka ili akalale kwa Wade. Mji uliotarajiwa kukua ukabaki kijiji.

Miongo mingi baadaye, Wakfu wa Kohler, shirika la hisani la Wisconsin, uliinunua nyumba ya Wade, ukaikarabati na kuikabidhi kwa jimbo. Juni 1953 ilifunguliwa kuwa makumbusho, mshairi Carl Sandburg akiwa miongoni mwa waliohutubia. Kama reli ingepita mlangoni, huenda Greenbush ingepata fedha, na wenye fedha wangeibomoa nyumba hiyo zamani ili wajenge hoteli ya matofali.